Jinsi Tulivyopeleka Maji ya Chumvi Kabarnet

Wengi wenu mmeshaiona ile picha. Nimesimama nje ya bafu la mabati, taulo kiunoni, tumbo limetangulia mbele kama kawaida yake, nimeinua ndoo ya plastiki kuelekea jua. Nyuma yangu mama mzee aliyevaa sweta tatu anacheka hadi macho yamefumba. Kufikia Jumatatu picha hiyo ilikuwa imezunguka mtaa wetu wote wa Kahawa Sukari. Mwenye duka aliniuliza kama nimebatizwa upya. Mzee mmoja wa kanisa letu aliniuliza kama nimehama kanisa. Kwa hivyo naandika habari yote, kutoka mwanzo, ili niweze tena kwenda kununua mkate bila kuhojiwa.

Mke wangu, Njeri, hufundisha fizikia katika shule moja ya sekondari huko Ruiru. Mimi huandika makala za magazeti, kazi ambayo mama mkwe wangu huita kukaa. Kuna jaribio moja ambalo Njeri amelipenda tangu alipolionyeshwa na mhadhiri wake chuoni. Unachukua tangi la kioo, unatia maji baridi yasiyo na chumvi hadi nusu. Juu yake unamimina, polepole, maji ya moto yenye chumvi uliyoyatia rangi nyekundu. Ikienda vizuri, maji mekundu hukaa juu kwa kitambo, kisha upande wake wa chini huanza kuota vidole vyembamba, vingi, vimesimama sambamba kama nyuzi, vikishuka kimya kimya ndani ya maji meupe. Njeri anasema siku hiyo alikaa akitazama hadi akakosa chakula cha mchana, na kwa mwanafunzi wa chuo hiyo si dhabihu ndogo.

Mara mbili amejaribu kuvionyesha vidole hivyo kwenye mkutano wa walimu wa sayansi. Mara zote mbili maji mekundu yalizama yote kwa pamoja na tangi zima likageuka jekundu juu hadi chini. Wenzake wakampa jina: Mwalimu Supu.

Mwaka huu mkutano ulikuwa Kabarnet, na walimu walikuwa wanamalizia kijitabu cha majaribio ambayo shule isiyo na maabara inaweza kufanya kwa vitu vya jikoni. Ukurasa mmoja ulikuwa umeachwa wazi kwa ajili ya Njeri. Ikitoka supu tena, ukurasa unapewa bwana mwingine mwenye jaribio la limau na misumari, na vidole vya Njeri havitaonekana na mtoto yeyote wa shule. Njeri hana chuki na limau. Lakini wiki hiyo nyumbani kwetu haikununuliwa hata moja.

Mimi nilikwenda kwa sababu tangi lilihitaji mapaja ya kukalia.

Ruiru: mlinzi anaonja

Maji yalikuwa yametayarishwa siku tatu kabla, kwenye maabara ya shule. Maji yaliyotoka bombani sasa hivi yana viputo vya hewa, na viputo vikipanda huvuruga kila kitu, kwa hivyo lazima maji yapumzike. Yalikuwa yamepumzika kuliko mimi. Mtungi mmoja wa lita ishirini ulikuwa na maji meupe. Wa pili ulikuwa na maji ya chumvi, mekundu kwa rangi ya keki.

Mlinzi wa shule, Mzee Kilonzo, alisimama mbele ya gari akaweka mkono kwenye boneti.

"Mwalimu, ile nyekundu ni nini?"

"Maji ya chumvi, mzee."

"Unapeleka wapi?"

"Kabarnet."

"Kwani huko hawana chumvi?"

"Wanayo. Ni ya kufundishia."

Mzee Kilonzo alifikiri jambo hilo. Kisha akasema yeye ni mlinzi, na kitu kikitoka getini ni lazima akijue. Akafungua kifuniko, akachovya kidole, akaonja. Uso wake ukajikunja kama karatasi.

"Imezidi hii."

"Si ya kunywa, mzee."

"Hata kama si ya kunywa. Imezidi."

Njeri akacheka, mimi nikacheka, geti likafunguliwa. Tulikuwa na digrii mbili ndani ya gari lile na hakuna hata moja iliyoandika maneno ya Mzee Kilonzo.

Thika: kioo cha heshima

Tangi lilikuwa Kiganjo, kwa fundi wa madirisha anayeitwa Rajabu. Ni mtu wa Thika wa kuzaliwa, babu yake alikuja hapo na biashara ya vitambaa, na mikono yake ni safi kwenye kazi kuliko mikono ya wengi. Alitutolea tangi likiwa limefungwa kwa gunia la mkonge, akalifunua taratibu kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Pembe zimekaa sawa. Gundi imenyooka. Na kioo chote, pande zote nne, kilikuwa kile chenye mawimbi ya ukungu, kinachowekwa kwenye dirisha la bafu.

Njeri aliinama akachungulia. Upande wa pili tulimwona Rajabu kama doa la kahawia.

"Rajabu," akasema, "huku ndani hakuonekani."

"Ndiyo, Mwalimu. Nimechagua kile kizito kabisa."

"Mimi nataka kuonekane."

Rajabu akanitazama mimi, mume, apate msaada. "Si uliniambia kwa simu ni kitu cha maji?"

"Ni maji ya kutazamwa."

"Mwalimu, tangu nianze kazi hii, mteja akisema maji, anataka asionekane. Wewe ndiye wa kwanza."

Hakutaka kusikia habari ya kuomba radhi. Akatoa pande mbili, akakata kioo cheupe, akapaka gundi upya, na hiyo ilichukua saa mbili na nusu. Tulikaa kwenye benchi la kibanda jirani tukala chapati na maharagwe. Maharagwe yalikuwa yamepikwa kwa karoti na dania, mazito, matamu. Njeri alionja kijiko kimoja akaomba chumvi. Nilitazama barabarani, kama nifanyavyo kila mara anapoomba chumvi.

Rajabu alitupa maagizo matatu. Tusitie maji hadi kesho. Tusiliweke nyuma ya gari litikisike. Lipakatwe. Hivyo ndivyo nilivyotoka Thika nikiwa nimepakata tangi lililovikwa gunia la mkonge, mikono nimeizungushia kama shangazi kwenye ubatizo, na gunia likaanza kunichoma ngozi kabla hatujafika Sagana.

Mweiga: mtu wa maziwa

Mpaka Karatina mambo yalikuwa mazuri. Tulinunua ndizi ambazo sikuweza kula kwa kukosa mkono. Tulipita Nyeri, tukaanza ile barabara ya nyanda za juu, na karibu na Mweiga kishale cha joto kikapanda na moshi mweupe ukatoka chini ya boneti. Njeri ndiye aliyekuwa anaendesha. Mimi huwa siendeshi mbali, kwa makubaliano ya familia.

Alisimamisha pembeni. Hatujakaa dakika tano, akasimama mtu wa pikipiki aliyekuwa akitoka kupeleka maziwa, mitungi mitupu ya alumini ikigongana nyuma yake. Alisema anaitwa Gichuki. Hakuuliza mengi. Alisubiri mvuke upungue, akafungua rejeta kwa kitambaa, akachungulia, akasema imekauka. Kisha akaona mtungi mwekundu kwenye kiti cha nyuma.

"Kumbe mko na dawa ya rejeta. Mnangoja nini?"

Alikuwa ameshaufungua na kuuinua. Mimi sikuweza kusimama kwa sababu ya tangi, nikabaki nikipiga kelele kupitia dirisha. Njeri alimshika mkono mtungi ukiwa umeinama.

"Hiyo ni chumvi."

"Chumvi?" Akachovya kidole, akaonja, akatema mate mbali. "Mwalimu, hii mngetia kwa injini ingekufa kabla ya Nyahururu. Mbona chumvi nyingi hivi?"

"Ni ya jaribio."

Akamwaga maji yetu meupe, yaliyopumzika siku tatu, ndani ya rejeta. Sikusikia Njeri akilalamika. Alisema tu kwamba kwa Tata, mama yake mdogo wa Nyahururu tutakakolala, kuna tangi la maji ya mvua. Na kwa kuwa ilibidi tungoje gari lipoe, Gichuki akakaa juu ya mtungi mmoja akataka aelezwe jaribio.

Nilijitolea kueleza. Nilisoma fasihi, na nadhani ilionekana. Baada ya dakika mbili Gichuki alimgeukia Njeri akasema, "Sasa wewe nieleze."

"Maji ya juu yana vitu viwili," Njeri akasema. "Joto linayafanya mepesi. Chumvi inayafanya mazito. Joto likishinda, yanakaa juu. Tuko pamoja?"

"Kama malai juu ya maziwa."

"Kama malai. Sasa chini yake kuna maji baridi. Joto halina mzigo, linavuka kwenda kwa jirani upesi sana. Chumvi ni kama wewe na mitungi yako ikijaa, inatembea pole. Kwa hivyo baada ya kitambo, maji yale ya juu yameachwa na nini?"

"Chumvi, bila joto." Akatazama mitungi yake. "Si yatazama."

"Yatazama. Lakini hayazami yote mara moja. Yanashuka kwa vidole, kwa sababu kidole chembamba kimezungukwa na baridi kila upande, kinapoa upesi."

"Na hiyo iko mahali kweli, ama ni ya shule tu?"

"Iko baharini. Jua linachoma maji ya juu, yanabaki ya moto na ya chumvi. Chumvi inashuka kwenda chini hata siku ambayo hakuna upepo wa kukoroga."

Gichuki alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari nzuri ya jamaa wa mbali. "Na umewahi kuiona ikifanya hivyo?"

"Mara moja. Chuoni."

"Wewe mwenyewe, kwa mkono wako?"

Njeri aligeuka kutazama injini. "Nafikiri imepoa sasa," akasema.

Nyahururu: maji ya kuoga

Tulifika kwa Tata Wambui saa kumi na moja jioni, jua bado lipo lakini baridi imeshashika. Tata ni dada mdogo wa mama yake Njeri. Anaishi nje kidogo ya mji, ana ng'ombe wawili na duka dogo, na huko kwao mgeni hasalimiwi vizuri mpaka awe ameogeshwa maji ya moto. Huo ndio utaratibu. Huwezi kula kabla ya kuoga, na huwezi kukataa kuoga kwa kusema umeoga asubuhi.

Alinitazama nikishuka garini nikijikuna. Mkono mmoja, halafu mwingine, halafu shingo. Gunia lilikuwa limenipiga vipele hadi mabegani. Nikaingiza tangi ndani, Njeri akaingiza mitungi, sisi wawili tukaketi kunywa chai ya maziwa matupu. Tata akapotea jikoni.

Baadaye akaniita. "Baba Wairimu, maji yako tayari."

Bafu lilikuwa la mabati nyuma ya nyumba, na jua la jioni lilikuwa linapenya kwenye mwanya wa mlango kama ubao wa dhahabu. Ndani kulikuwa na ndoo ya plastiki angavu, ile ya dukani ya kuwekea peremende, imejazwa nusu maji baridi ya mvua. Kando yake sufuria kubwa nyeusi, ikitoa mvuke, na kikombe cha kuchotea.

Maji ya sufuria yalikuwa mekundu.

Mtu mwingine angejua papo hapo. Mimi nilifikiri Tata amechemsha magome ya mti. Nilikuwa nimeona supu za huko zikitiwa magome yakawa mekundu hivyo, na nikaguswa moyo kwamba mzee ameniona ninajikuna, akaenda kunitafutia mti. Nikaona aibu kuuliza. Nikachota kikombe kimoja, na kwa kuwa mimi ni mwoga wa maji ya moto, sikumwaga. Niliweka kiganja juu ya yale baridi nikayaacha maji mekundu yateleze juu ya vidole, kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe.

Yakakaa juu. Tabaka jekundu, unene wa kiganja, juu ya maji meupe, na mpaka wake umenyooka kabisa. Jua lilikuwa limeipiga ndoo kutoka upande wa pili. Nikawa nimeinama kutafuta sabuni ndipo nilipoona.

Mpaka ule ulikuwa umeota manyoya. Kisha manyoya yakawa nyuzi. Nyuzi nyekundu, nyembamba kuliko sindano za kufumia, mamia kwa mamia, zikishuka bega kwa bega bila kuguswa na mtu.

Nikaonja maji. Chumvi.

Nilimwita Njeri. Wanasema nilipiga mayowe, mimi nasema niliita. Nilichukua taulo kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine, nikakumbuka ndoo haifai kutikiswa, nikaiinua kwa mikono miwili na taulo nikaliachia imani. Njeri alikuja mbio akifikiri nimeungua. Tata akamfuata na mwiko.

"Amefanya nini huyo mtu?" Tata akauliza.

Njeri alipita mbele yake. Alipiga magoti kwenye matope, uso wake karibu na plastiki, akabaki hapo. Nyuzi zilikuwa zimefika katikati ya ndoo. Ndoo ilianza kunilemea na nikasema hivyo.

"Usisogee," akasema. "Ukisogea nakuacha."

Hapo ndipo alipotoa simu akapiga ile picha, kwa ajili ya sayansi, na hapo ndipo Tata alipoanza kucheka. Jinsi ilivyofika kwa majirani zetu ni swali ambalo Njeri bado hajalijibu vizuri.

Nilipokwisha kuvaa, tulimkalisha Tata jikoni.

"Tata, haya maji umeyatoa wapi?"

"Kwa mtungi wenu. Si ni dawa ya ngozi yake?"

"Nani amekwambia ni dawa?"

"Mtu anashuka kwa gari anajikuna kama mbwa, na mmebeba mtungi mwekundu mnauwekea kivuli. Nilikuwa niulize? Mtu haulizwi habari za ngozi yake." Alinigeukia kwa upole. "Niliyaonja, baba, nikajua ni makali sana, yatakutoa ngozi. Nikaongeza ya mvua."

Njeri akavuta kiti karibu. "Uliongeza kiasi gani?"

"Cha kumtosha. Si unaona alivyo."

"Tata. Yetu yalikuwa kiasi gani?"

Tata akaleta sufuria. Ndani yake, chini kidogo ya katikati, kulikuwa na mstari wa ugali ulioungua miaka mingi iliyopita. "Dawa mpaka hapa. Halafu maji mpaka hapa juu."

Njeri alipima kwa kidole, akapima tena, akakaa chini. "Zaidi ya nusu ni maji," akasema. "Miaka yote nimekuwa nikifikiri chumvi ikiwa nyingi ndiyo vidole vitakuwa vikubwa. Kumbe ilikuwa nzito kuliko joto. Haikuwa na nafasi ya kukaa juu hata dakika moja." Akatutazama. "Ilikuwa imezidi chumvi tu."

"Kila kitu unachopika kimezidi chumvi, mwanangu," Tata akasema akimenya viazi. "Tangu ukiwa mdogo. Muulize huyu."

Wote wawili wakanigeukia.

"Kidogo tu," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu arusi."

Tuna miaka ishirini na minne ya ndoa. Njeri alihesabu kwa vidole: "Mzee Kilonzo alisema. Gichuki wa maziwa alisema. Tata, ambaye hajui hata hii ni nini, ameonja akarekebisha. Na wewe, uliyekula kila siku?"

"Mimi nilikuwa nakula."

Alinitazama kwa muda mrefu, nikaanza kufikiria mahali pa kulala. Kisha bega lake likatikisika. Akacheka hadi akashika meza, Tata akacheka tena, na viazi vya siku hiyo vilipikwa na Tata.

Asubuhi Njeri aliomba sufuria. Tata alisema kuna binamu alichukua sufuria yake moja kwa siku mbili na hiyo ni miaka tisa sasa. Sufuria hii haiendi mahali bila yeye. Akavaa sweta ya tatu, akaingia kiti cha mbele.

Kushuka bondeni

Tata hakuwa amewahi kwenda chini ya Nakuru. Huko Subukia, barabara inapoanguka kama ngazi, alitoa sweta ya kwanza. Nakuru alitoa ya pili, akazikunja vizuri akaniwekea mimi nyuma, juu ya tangi. Tulipofika Mogotio, penye alama ya ikweta, alitoa ya tatu, akabaki na blauzi ambayo Njeri alisema hajawahi kuiona maishani. Kijana mmoja wa hapo alikuwa na beseni, akiwaonyesha wageni jinsi maji yanavyozunguka kaskazini na kusini. Tulisimama kununua maji ya kunywa. Njeri alikataa kabisa kutazama, kwa heshima ya beseni la mwenzake, alisema, lakini nadhani alikuwa akiogopa bahati mbaya.

Wasiwasi ulikuwa mwingine. Mtungi mpya wa maji ya mvua, tuliouchota kwa Tata ukiwa baridi wa kuuma meno, ulikuwa unapata joto kila tulivyoshuka. Jaribio linataka jirani baridi. Jirani akipata joto, hakuna cha kumpa.

Tata aliugusa mtungi, akaguna. Akanitaka nimpe sweta. Akazilowesha zote tatu kwa maji ya kunywa tuliyokuwa tumenunua, akauvisha mtungi moja baada ya nyingine, akafungua dirisha upepo uupige. "Ndivyo tunavyotunza maziwa ng'ombe wakizaa mbali na mji," akasema. Nilikaa kati ya tangi lililovaa gunia na mtungi uliovaa sweta, na mimi ndiye niliyekuwa nimevaa vibaya kuliko wote.

Karibu na Marigat mama mmoja alituuzia asali ndani ya chupa ya soda. Aliona mtungi umevishwa, akamwuliza Tata kwa sauti ya chini mgonjwa ana nini. Tata akamjibu kwamba si mgonjwa, ni maji tu, yana safari. Mama akatikisa kichwa kwa adabu. Nilikula asali hiyo kwa kidole hadi gari lilipoanza kupanda tena, upepo ukawa wa baridi, na Kabarnet ikatokea juu ya mlima.

Kabarnet: kabla ya chakula

Njeri alipewa nafasi ya mwisho kabla ya chakula cha mchana, nafasi mbaya kuliko zote, kwa sababu harufu ya mbuzi wa kuchemsha ilikuwa inaingia kutoka jikoni. Mwenyekiti, Mwalimu Chebet, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, alikuwa na rasimu ya kijitabu mbele yake. Kutoka nilipoketi niliuona ule ukurasa mweupe.

Tata alikuwa jikoni akigombana na mpishi kuhusu moto. Alitokea kwa mlango wa nyuma na sufuria yake, mvuke ukimfunika uso. Mwalimu mmoja aliyekaa nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Supu imefika," na ukumbi ukacheka.

Tata akamwuliza Njeri kwa Kikuyu wanacheka nini.

"Wana njaa, Tata."

Tangi la Rajabu lilikuwa mezani, upande wa kioo cheupe ukiwatazama walimu, dirisha likileta mwanga kutoka nyuma. Maji ya Nyahururu yalikuwa ndani, yametulia. Njeri alichota kikombe cha kwanza, akakirudisha sufuriani, akachota tena.

Tata akaona. Akachukua mwiko, akaulaza juu ya maji baridi hadi ukaelea. "Mimina hapa juu ya mti," akasema. "Kama maziwa juu ya uji. Usiwe na haraka, hakuna anayekukimbiza."

Njeri akamimina. Maji mekundu yakagusa mwiko, yakatambaa pande zote, yakaenea. Kikombe cha pili. Cha tano. Cha kumi. Tata akavuta mwiko nje kwa vidole viwili. Tabaka jekundu likabaki juu, limelala.

Kisha hapakutokea kitu.

Nilihesabu pumzi zangu. Mtu alikohoa. Mwalimu Chebet alisogeza karatasi zake, na nilimwona Njeri akifunga macho.

"Hebu tazama pale chini," mtu akasema. Alikuwa yule wa supu. Alikuwa amesimama.

Zilianza pembeni kwanza, karibu na kioo, halafu zikaja kote, nyuzi kwa nyuzi, nyekundu, zikishuka zikiwa zimenyooka, na kati ya kila mbili kamba ya maji meupe ikipanda kuchukua nafasi. Hakuna aliyekuwa anakoroga. Viti vilisukumwa. Walimu walikuja mbele mmoja mmoja, halafu wote, wengine wakachuchumaa, mwingine akavua miwani akaivaa tena. Njeri alifungua macho akaanza kueleza habari ya joto lisilo na mzigo na chumvi inayotembea pole, na sauti yake ilipofika katikati ilikuwa imeshapona.

Mwalimu Chebet alikuwa amepiga magoti, kalamu mkononi. "Kwa ukurasa," akasema. "Chumvi kiasi gani?"

Njeri akamtazama Tata. Tata akaonyesha mstari wa ugali ulioungua. Mwalimu Chebet akaupima kwa rula ya mtu, akaandika.

Mpishi akasimama mlangoni akatangaza kwamba chakula kiko tayari, na akatangaza tena. Nyuzi zilikuwa zinakaribia sakafu ya tangi.

"Nendeni mkale," Njeri akawaambia. "Kitapoa."

Nilikuwa na njaa kali, na mbuzi yule alikuwa ametiwa chumvi na mtu mwingine. Nikajaribu kuinuka. Yule mwalimu wa supu akanishika bega, akanirudisha chini bila hata kunitazama, akasema, "Bwana, toa kichwa, huku nyuma hatuoni."